Kozi ya PMP niliyolipia mara mbili: video za kawaida, utamu uko kwenye maswali uliyokosa

Nianze na matokeo maana najua ndo kitu watu wanatafuta kwanza. Mtihani wa PMP, kile cheti cha kimataifa cha usimamizi wa miradi, nimefanya mara mbili, ya kwanza nikafeli ya pili nikapita, na mara zote mbili nilikua natumia kozi ileile moja ya mtandaoni, yani video pamoja na benki ya maswali. Kwaiyo siwezi kusema kozi ndo imenifelisha wala kozi ndo imenipitisha. Jina lake liwe kapuni, nina malalamiko nayo na bado tunaandikiana barua pepe kuhusu moja, utaliona huko chini.

Kwa nini niliinunua? Sababu ya kwanza haikua hata kujifunza aisee. Wakati naomba, PMI, taasisi inayotoa hicho cheti, walikua wanataka uwe na masaa 35 ya mafunzo ya usimamizi wa miradi ndo wakukubalie kukaa kwenye mtihani, juu ya hapo kama una digrii uwe na miezi 36 ya kuongoza miradi ndani ya miaka 8 iliyopita, na kama una cheti cha sekondari tu basi ilikua miezi 60. Hii kozi ilikua inatoa cheti cha hayo masaa 35 ukimaliza video zote, nikasema sawa, naua ndege wawili kwa jiwe moja.

Sasa hicho cheti chenyewe. Kimekuja jina langu la mwisho limekosewa herufi moja. Nikasema herufi moja tu nani ataangalia, nikajaza maombi, na bahati yangu ilivyo mbovu nikaangukia kwenye ukaguzi. PMI huwa wanachagua baadhi ya waombaji bila mpangilio maalum, wanakuambia leta uthibitisho: nakala ya digrii, cheti cha masaa 35, na sahihi ya mtu aliyekua juu yako kwenye kila mradi ulioutaja. Unapewa siku 90 kwaiyo sio mwisho wa dunia, ila mimi siku 9 nzima zimepotea nasubiri watu wa kozi wabadilishe herufi moja, na kila nikiwaandikia najibiwa "ombi lako limepokelewa". Bosi wangu wa zamani ambaye tuliachana vibaya kidogo alisaini ndani ya nusu saa. We unayesoma hapa, angalia jina kwenye cheti lifanane na kitambulisho chako kabla hujabonyeza chochote.

Video sasa. Mwalimu anaongea vizuri, sauti safi, hachoshi. Tatizo ni mpangilio. Zaidi ya nusu ya video zinakupitisha kwenye ile michakato 49 ya PMBOK (kitabu cha mwongozo cha PMI) toleo la 6, ya mwaka 2017, mmoja baada ya mwingine, kinaingia nini, unatumia zana gani, kinatoka nini. Toleo la 7 lilitoka 2021 likabadilisha sura kabisa, likaja na kanuni 12 na maeneo 8 ya utendaji, na mtihani wenyewe ulishabadilika Januari 2021 ukawa karibu nusu yake ni mambo ya ajaili (agile, yani kufanya mradi kwa vipande vifupi huku mnarekebisha) na mseto (kuchanganya hiyo na njia ya zamani ya kupanga yote mwanzoni). Kwenye kozi ajaili ilikua imebandikwa mwishoni kama kiraka. Mimi sikujua. Nilikua mtu wa kukariri tangu shule ya msingi, nimepewa kitu cha kukariri, nikafurahi zangu. Nilitengeneza kadi, nikabandika chati ukutani, ukiniamsha usiku wa manane ukaniuliza kutambua hatari kunatoa nini ningekujibu hata kabla sijafumbua macho.

Kumbe kuna waraka wa bure kabisa kwenye tovuti ya PMI unaoonyesha mtihani unapima nini, nao niliufungua baada ya kufeli. Kwa mtihani niliofanya mimi ulikua unasema Watu asilimia 42, Mchakato asilimia 50, Mazingira ya Biashara asilimia 8. Asilimia 42 watu! Migogoro ya timu, mdau aliyenuna, mtu mpya amekuja hajui kazi, timu iko nchi tatu tofauti hawaelewani. Na mimi nimekaa wiki sita nakariri chati.

Fomula nazo hivyohivyo, video zake hazikua chache. Sikatai, zijue. Kazi yenye thamani ya 40 umetumia 50 kuimaliza, gawanya unapata CPI (kipimo cha matumizi ya hela) ya 0.8, yani kila 1 unayotumia inakurudishia kazi ya 0.8, na kama bajeti nzima ilikua 200 basi ukiendelea na mwendo huohuo utamalizia kwenye 250. Ukielewa hapo umeelewa, masaa mengi hayahitajiki. Watu wanaogopa hesabu bure, kikokotoo kipo palepale kwenye skrini.

Mtihani wa kwanza nilifanyia nyumbani kwa kamera. Masharti unayajua kabla, meza iwe tupu, asiingie mtu, usitoke kwenye kamera, usisome kwa sauti. Hilo la mwisho ndo liliniponza kwa sababu mi bila kunong'ona swali sielewi, na onyo lilipokuja kwenye skrini moyo ulienda mbio maswali matano yaliyofuata sikumbuki hata yalikua yanahusu nini. Hilo ni kosa langu sio la mtu.

Ila kosa la kozi liko hapa. Mtihani niliofanya mimi ulikua maswali 180 kwa dakika 230, una mapumziko mawili ya dakika 10, baada ya swali la 60 na la 120, na ukishakubali kwenda mapumziko yale maswali ya nyuma yamefungwa, hurudi tena. Sasa simuleta ya hii kozi, yani mtihani wa majaribio, haikua hivyo, ilikua inakuacha uzunguke kwenye maswali yote 180 mpaka mwisho, kwaiyo mimi nimejijengea tabia, swali gumu naliwekea alama nasonga, nitarudi nikimaliza. Nimefika swali la 60 siku yenyewe, nina alama kwenye maswali 14, skrini inaniuliza unataka kupitia majibu au uende mapumziko, na ukienda ndo basi. Nikarudi kwenye yale 14. Kuja kushtuka sehemu ya kwanza imekula dakika 97. Ya pili ikala 80. Zimebaki dakika 53 kwa maswali 60, nikawa nasoma mstari wa mwisho wa swali tu na kubonyeza. Ukigawanya sawasawa ni kama sekunde 76 kwa swali, mimi mwishoni nilikua na 53, na maswali ya PMP ni marefu mtu wangu, ni hadithi.

Majibu yakaja. Hawakupi maksi, wanakupa ngazi kwa kila eneo, na alama ya kufaulu hawaitangazi. Watu: chini ya lengo. Mchakato: kwenye lengo. Mazingira ya biashara: unahitaji kuboresha. Feli. Nilifunga laptop nikakaa siku nne siongelei.

Ndani ya mwaka mmoja wa kibali chako unaruhusiwa kujaribu mara tatu, kila mara unalipia, kwaiyo nilikua bado na mbili. Muda wangu wa kozi ulikua umeisha, nikalipia tena (hapa nilijilaumu kidogo maana nilishaapa siwapi tena hela yangu) lakini safari hii video sikufungua hata moja. Niliingia moja kwa moja kwenye benki ya maswali, na hapo ndo nataka niwasifu kwa haki kabisa, kwa sababu ile sehemu ya maswali ya hali halisi, hasa ya ajaili na mseto, ina maelezo mazuri kuliko chochote nilichokutana nacho. Hawakuambii tu jibu ni C. Wanakueleza A inakosea wapi, B ni kitu kizuri lakini sio cha kwanza kufanya, D anafanya mtu aliyechoka na kazi.

Maswali ya mtihani wenyewe siruhusiwi kuyataja, unakubali masharti kabla hujaanza, ila nikupe mfano niliotunga wa aina hiyo. Timu inafanya kazi kwa spirinti (vipindi vifupi vya kazi vya ajaili) za wiki mbili. Katikati ya spirinti unagundua mdau mkubwa amemfuata mtu wa timu pembeni akamwambia aongeze kitu kipya, na yule amekubali kwa woga. Ufanye nini kwanza? Moja, jaza ombi la mabadiliko ulipeleke kwenye bodi inayoidhinisha mabadiliko. Mbili, mpandishie mfadhili wa mradi. Tatu, ongea na huyo mdau uelewe anataka nini na kwa nini, kisha mumpelekee mwenye bidhaa (product owner, mtu anayeamua kazi ipi itangulie) akaipange kwenye orodha ya kazi. Nne, mwambie mtu wa timu amalizie kwa sababu mdau ni mkubwa.

Mimi wa zamani ningekimbilia la kwanza nikiwa natabasamu, ombi la mabadiliko nimelikariri mpaka rangi ya kadi yake. Lakini swali limeshakuambia spirinti, umeshaingia kwenye ajaili, kipaumbele cha kazi anapanga mwenye bidhaa sio bodi. Na ukipeleka kwa mfadhili umeshindwa kazi yako mwenyewe. Jibu ni tatu. Baada ya maswali kama 200 ya namna hii unaanza kusikia sauti ya mtunga swali, anataka meneja anayetafuta kujua kabla ya kutenda, anayeongea na mtu kabla ya kumshtaki. Lakini usiifanye sheria pia! Kama hatari mliitambua mapema mkapanga na namna ya kuijibu na sasa imetokea kweli, huendi kuitisha kikao cha kuchambua, unatekeleza mlichopanga. Hilo nilikosa mara tatu kabla halijaniingia.

Nilinunua daftari. Kila swali nililokosa sikuandika jibu sahihi, niliandika kwa nini nilichagua lile baya, kwa neno moja au mawili. "Haraka". "Sikuona neno kwanza". "Nimejibu kama bosi". "Sijui kabisa". Wiki ya tatu nikahesabu, nilikua na maswali 212 niliyokosa, na "sijui kabisa" ilikua kwenye 31 tu. "Nimejibu kama bosi" ilikua 88. Nilicheka peke yangu, kwa sababu kazini ndo nilivyo, mtu akichelewesha kitu napandisha kwa mkubwa, nikamkumbuka na yule bosi wa zamani niliyeachana naye vibaya. Kozi haikuniambia hili, daftari limeniambia, lakini bila maelezo yao ya kila chaguo lisingejaa.

Dosari za benki ya maswali zipo pia nisizifiche. Maswali ya zamani bado yamechanganywa na mapya bila kutengwa, unakutana na swali la kukariri zana za mchakato fulani halafu asilimia yako inashuka unaanza kuogopa bure. Maelezo ya hayo ya zamani ni ya hovyo, kuna moja limeandikwa "jibu B ni sahihi kwa sababu ndilo jibu bora", nimelipiga picha ninalo. Maswali ya kuburuta na kupanga ni machache mno. Na ile ishu ya mapumziko haijarekebishwa, nilichofanya ni kutengeneza mitihani mitatu ya maswali 60, saa ya simu pembeni, dakika 76 ikiisha nimefunga hata kama sijamaliza. Asilimia zangu zilikua zinacheza kwenye 68 mpaka 77, sikuwahi kugusa 80, kwaiyo anayekuambia usiende mpaka upate 85 mwache.

Mara ya pili nilienda kwenye kituo cha Pearson VUE, kampuni inayosimamia mitihani, mezani mwangu nikanong'ona kimoyomoyo. Swali la 60 bado dakika 151 kwenye saa. Swali la 120 bado 74. Nikala mapumziko yote mawili, ya kwanza nilikaa tu nimefumba macho. Nimemaliza zimebaki dakika 6. Watu: juu ya lengo. Mchakato: kwenye lengo. Mazingira ya biashara: juu ya lengo.

Kwaiyo nyota ngapi? Video mbili kwa tano, benki ya maswali nne, huduma kwa wateja sifuri kama inaruhusiwa. Kama masaa 35 unayo kutoka sehemu nyingine tafuta tu kifurushi cha maswali peke yake, kipo, wamekificha chini kabisa ya ukurasa. Kama ni mtu wa kukariri kama mimi anza na maswali wiki ya kwanza kabisa hata kama utakosa yote.

Na zima kujilipia kwa kadi siku hiyohiyo unayonunua. Mimi nimepita, nikawaandikia kwamba nimepita na naomba kufunga akaunti, wiki mbili baadae kadi imekatwa tena mwezi mzima. Nimelalamika. Jana wamenijibu, ombi langu limepokelewa, na wananitakia maandalizi mema ya mtihani.