Programu ya kuandalia vifaa vya darasani: ipi uichukue kwanza

Mwalimu anayetafuta programu ya kupanga kurasa asianzie kwenye bei, aanzie kwenye mashine ya fotokopi. Niliwahi kuchora moyo wa binadamu, ateri nyekundu na vena za bluu, ukapendeza kweli kwenye kompyuta. Kwenye fotokopi rangi zote mbili zikatoka kijivu kilekile, na wanafunzi wakashindwa kujua damu inaingilia wapi na kutokea wapi. Tangu hapo ateri nazichora kwa mstari mzito na vena kwa nukta, na kila programu naipima kwa karatasi.

Nafasi ya kwanza naipa Affinity. Tangu Oktoba 2025 ni ya bure; unachohitaji ni akaunti ya Canva, kampuni inayoimiliki. Ukishaisajili, unafanya kazi hata intaneti ikikatika. Raha yake kubwa ni kurasa mama: jina la somo na namba za kurasa unaziweka mara moja, na kijitabu kizima kinafuata. Maandishi yakijaa kisanduku kimoja, yanaendelea kwenye kingine bila wewe kukata na kubandika. Ila inataka kompyuta yenye nguvu kiasi, na siku kadhaa za kuizoea.

Ya pili ni Canva yenyewe. Toleo lake la elimu ni bure kwa walimu wa msingi na sekondari waliothibitishwa. Kwa bango la ukutani au kadi za maneno, sioni ya kuishinda kwa wepesi. Kijitabu cha kurasa 40 kitakuchosha, na inategemea sana mtandao.

Scribus ni ya tatu, na ndiyo ningemshauri mwenye kompyuta kuukuu. Ni programu huria, yaani ya bure na msimbo wake uko wazi kwa wote, inaendeshwa kwenye Windows, macOS na Linux. Majedwali yake yanasumbua. Tena picha hazikai ndani ya faili. Ukihamisha faili peke yake, kwenye kompyuta nyingine utakuta visanduku vitupu. Weka faili na picha zake kwenye folda moja, kisha hamisha folda nzima.

InDesign ya Adobe ni bora, lakini ada yake haiishi. Waachie wachapishaji.

Microsoft Publisher usiinunue kabisa, hata kwa bei ya kutupa: Microsoft wanaacha kuihudumia Oktoba 2026. Mwenye mitihani ya zamani humo aigeuze kuwa PDF mapema, na ile anayoirekebisha kila mwaka aihamishie Word.