Bamba la kuchanganulia maji: hataza au siri?
Mbunifu wa Unguja mwenye bamba jipya, lenye mifereji ya kupitishia maji, la seli ya kuchanganua maji kwa umeme (kuyatenga kuwa hidrojeni na oksijeni) anaweza kuomba hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine wasitumie ubunifu wake, au kufunga mdomo na kuufanya siri. Hataza humlinda miaka 20, ila lazima ubunifu uwe mpya, usiwe jambo ambalo fundi yeyote angelifikia, na ufae kiwandani. Kwa kawaida, kupanua tu mifereji ambayo tayari inajulikana hakutoshi. Tena hataza ya Bara haivuki bahari: Zanzibar ina sheria yake, Namba 4 ya 2008. Siri haina kikomo. Lakini anayenunua seli ataifungua na kuiona mifereji yote! Mimi ningeiombea mifereji hataza kabla ya kumwonyesha yeyote, nikaficha namna ya kupaka platinamu juu ya titani.