Taa za uani Mtwara na Lindi: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kwa nyumba ya Shangani au Mikindani, kinachoua taa ya nje ni chumvi kuliko mvua. Upepo wa bahari hula skrubu, halafu viungo vya waya, na taa inazimika ilhali LED yake bado nzima. Kwa hiyo hapa bodi na viungo vimepimwa kwanza, ukali wa mwanga baadaye.

Ya kwanza: volti 12 za transfoma, bodi ya shaba ya njano, ile ya koki za maji. Bei yake inauma. Dukani inyanyue, shaba ni nzito. Kisha kwaruza kwa ufunguo mahali pasipoonekana: ukikuta weupe chini ya rangi, umeuziwa alumini. Taka IP65 au zaidi, yaani alama ya kuzuia vumbi na maji, na mwanga wa manjano wa kelvini 2700 hadi 3000. Ule mweupe wa kibuluu huita wadudu, na kuanzia Desemba hadi Aprili utawafagia kila asubuhi.

Taa 8 za wati 5 ni wati 40, basi chukua transfoma ya wati 60. Waya ndipo watu wanapobania pesa. Taa zote zikiwa mwisho wa mita 30, waya wa milimita mraba 1.5 hupoteza kama volti 2.4, zinabaki 9.6, taa zinafifia au kupepesa. Waya wa 4 hupoteza chini ya volti 1. Una wa 2.5 tu? Weka transfoma katikati, toa matawi mawili ya mita 15 yenye taa nne nne. Hasara haifiki nusu volti.

Tepu ya umeme peke yake isiguse kiungo cha ardhini: unyevu hupenya, shaba inageuka kijani. Tumia konekta zenye jeli ndani. Transfoma itundikwe chini ya paa, walau sentimita 30 kutoka ardhini. Panapopita jembe, fukia waya sentimita 30.

Ya pili: taa hizohizo kwa sola. Wati 40 kwa saa 5 ni wati-saa (Wh) 200. Betri ya lithiamu ya volti 12.8, Ah 20, ina Wh 256. Paneli ya wati 80, mbali na kivuli cha mkorosho. Hakikisha taa zinakubali DC, yaani umeme wa betri.

Ya tatu: alumini ya volti 12. Pwani rangi ikichubuka tu, inatoa unga mweupe. Ila kwa Masasi, Newala au Nachingwea, mbali na bahari, hii ndiyo ya kwanza. Shaba ya nini huko?

Ya nne: vijiti vya sola, taa ndogo za kuchomeka ardhini. Boksi linasema wati 200, lakini paneli ya sentimita 10 kwa 10 kwenye jua kali hutoa kama wati 2. Ukinunua, iwe yenye betri ya kubadilishika.

Ya mwisho: volti 230. Inataka kebo yenye deraya, waya wa ethi, brekari ya kukata umeme unaovuja, na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kwa kumulika maua tu, haina sababu.