Maiki za kichwani kwa jasho la Mtwara na Lindi: tazama waya kwanza

Malalamiko ya wanaotumia maiki za kichwani huku Kusini ni yale yale. Ilianza kukwaruza, ikawa inakatika mvaaji akigeuza shingo, mwishowe ikanyamaza. MC analaumu betri, fundi mitambo analaumu risiva (kipokea mawimbi), kwaya inachanga kununua seti nyingine. Mara nyingi risiva na boksi la kiunoni, lile linalorusha sauti, ni vizima. Kilichokufa ni ule waya mwembamba unaotoka sikioni kwenda kwenye boksi, hasa pale unapoingia kwenye plagi.

Kwa hiyo umbali wa mawimbi, idadi ya chaneli na muda wa betri sivigusi. Vimeandikwa kwenye kila kasha la maiki dukani. Kisichoandikwa ni hiki: waya ukifa, unaweza kununua waya peke yake?

Waya huo una unene wa milimita moja hadi mbili, na ndani yake mna nyuzi za shaba nyembamba sana. Mchezaji wa sindimba akitikisika, au mhubiri akiinama kuokota Biblia, waya unakunjwa mahali pale pale. Nyuzi zinakatika moja moja ndani ya ganda ambalo kwa nje bado ni zima. Ukifika msimu wa kaskazi, jasho la shingoni linapenya ganda likishachanika, chumvi inakula shaba, shaba inageuka kijani. Ikishakuwa kijani, risasi ya fundi haishiki vizuri hata akiichoma mara kumi.

Ukitaka kujua tatizo liko wapi, washa mitambo kwa sauti ya chini. Tikisa waya polepole karibu na plagi, kisha nyuma ya sikio, kisha ugonge taratibu ule mkono wa mdomoni. Ikikwaruza kwenye plagi, fundi anakata sentimita tatu na kuunganisha upya. Ikikwaruza juu, karibu na sikio, na waya haubanduki kutoka kwenye maiki, maiki hiyo karibu imekwisha. Kichwa cha maiki ni kidogo sana, na joto la kuchomelea likikaa sekunde chache zaidi linakiua.

Chaguo langu la kwanza, na sioni la kulikaribia, ni Countryman E6 ya Marekani. Waya wake unabanduka pale sikioni. Ukifa, unanunua waya mwingine, unachomeka, shughuli inaendelea. Ukibadilisha boksi la kiunoni kutoka kampuni moja kwenda nyingine, unabadilisha waya tu. Agiza waya wa milimita 2. Ule wa milimita 1 unafichika vizuri kwenye kamera, lakini haufai kwa ngoma. Kwa wachezaji chukua H6, inayoshika masikio yote mawili. Ipo pia katika rangi ya kakao, na hilo nalisifu, maana watengenezaji wengi hudhani ngozi zote ni za rangi ya mchanga. Mhubiri anayepaza sauti achukue yenye unyeti mdogo, la sivyo sauti itapasuka. Bei hupita dola 300 kabla ya usafiri na ushuru. Ni fedha nyingi, lakini piga hesabu ya maiki ulizokwisha kutupa.

Ya pili ni DPA ya Denmark, familia ya d:fine. Mwisho wa waya una skurubu ndogo iitwayo MicroDot, na adapta ya plagi inafungwa hapo kulingana na boksi lako. Sauti yake ni safi kupita zote hapa. Naiweka ya pili kwa sababu ya bei.

Ya tatu ni Shure WH20, kwa mikutano ya nje na matangazo juu ya gari. Ni ya dainamiki, yaani haihitaji umeme kutoka kwenye boksi, na haipigi mluzi ovyo spika zikiwa karibu. Ni nzito na haipendezi kwenye picha za harusi. Lazima ikae karibu kabisa na mdomo.

Zile maiki za bei rahisi, za elfu ishirini, zinafaa kuwa akiba kwenye begi, basi.

Linalokera ni wauzaji. Mteja anaambiwa "inaingia kote". Haiingii kote. Boksi za Shure zina tundu la pini 4: ya 1 ni ardhi, ya 2 inatoa volti 5, ya 3 ni sauti. AKG na Samson wana pini 3. Boksi nyingi za Sennheiser zinatumia plagi ya milimita 3.5 yenye kikufuli cha kuzungusha, na maiki iko kwenye ncha. Plagi ya kawaida ya 3.5 itaingia humo, lakini bila kikufuli itachomoka, na ikiwa imeungwa tofauti hutasikia kitu. Ukirudi dukani unaoneshwa risiti: mali ikiuzwa hairudishwi. Bei imeongezwa kwa kisingizio cha usafiri kutoka Kariakoo, halafu hata kujaribishiwa hukubaliwi! Nenda na boksi lako la kiunoni na betri mpya, uwashe hapo hapo kaunta, utikise waya.

Hata E6 itakufa ikivaliwa vibaya. Acha kitanzi cha waya, upana wa vidole viwili, karibu na plagi, ukibane chini ya klipu ya boksi ili mvuto usifike kwenye plagi. Nyuma ya shingo bandika waya kwa plasta ya dawa, ukiacha nafasi ya kugeuka. Jasho huteremka kwenye mkono wa maiki hadi kwenye kichwa chake, kwa hiyo zungushia uzi au kipande chembamba cha plasta sentimita mbili kabla ya kichwa, tone lidondokee hapo. Boksi livalishe glovu ya hospitali. Baada ya shughuli futa chumvi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, toa betri, na weka maiki kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Usiuzungushe waya kwenye boksi.

Na unapoagiza E6, agiza waya wa pili siku hiyo hiyo, wenye plagi ya boksi lako. Dukani Mtwara au Lindi hutaupata Jumamosi ya harusi.