Nta gani? Sikio langu lilikuwa linazima, nyie mnaliosha

Mmenitumia meseji mnataka nitathmini huduma ya zahanati yenu. Nilikuwa nimeamua kunyamaza, kwa sababu nesi wenu wa zamu ya asubuhi ni mtu mwema sana. Lakini mmeuliza wenyewe.

Ilikuwa siku chache baada ya Idi. Alfajiri simu ya dada yangu iliita, nikaiweka sikio la kushoto kama nilivyozoea. Kimya. Nikakata, nikidhani ni mtandao. Akapiga tena, nikaihamishia kulia, namsikia anauliza mbona namkatia. Nikasugua vidole karibu na sikio la kushoto: hakuna kitu, ila mvumo kama jenereta la jirani. Nilipoinuka chumba kikazunguka, nikashika ukuta.

Kabla ya saa nne asubuhi nilikuwa kwenu. Sikuchelewa. Hilo lisomeni mara mbili.

Daktari wenu, umri wa mwanangu wa pili, hata shikamoo hakunipa. Macho yako kwenye simu. Akachungulia sikio kidogo tu, akasema, "Nta hiyo, mama." Nikamwambia, dokta, jana usiku nilikuwa nasikia vizuri, nta inajaa usiku mmoja? Akanijibu, "Kwani wewe ni daktari?" Wagonjwa wawili wamesimama mlangoni wanasikia. Nikanyamaza. Kunyamaza kule ndiko kunakoniuma mpaka leo.

Mkaniosha. Maji ya baridi kwa bomba la sindano, kizunguzungu kikapanda, nikatapika kwenye beseni. Maji yalirudi meupe vilevile, hakuna nta hata chembe. Nikaandikiwa matone na amoksilini, nirudi baada ya wiki. Nikarudi kama mjinga. Mkaniosha tena!

Nesi ndiye aliyenifuata koridoni, akaja upande wa kulia ili nimsikie: "Mama, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Leo hii, usingoje." Kwa ajili yake nilitaka kuwapa nyota tatu.

Huko nilikokwenda, daktari alitoa mfukoni kichuma chenye meno mawili mfano wa uma. Akakigonga gotini, akanisimamishia katikati ya paji la uso. "Unasikia upande gani?" Kulia, kwenye sikio zima. Uso wake ukabadilika. Akaniambia nizibe sikio la kulia kwa kidole, nigune. Mguno ukajaa palepale nilipoziba. Nta ingefanya hivyohivyo, akasema: mlio huhamia sikio lililoziba. Ukilikimbia sikio bovu, hitilafu iko ndani kabisa, huko kwenye sikio la ndani au mshipa wa fahamu. Dakika mbili hazikuisha.

Kwenye kile chumba kisichopitisha sauti, sikio la kushoto lilianza kusikia kwenye desibeli 85, yaani sauti mpaka iwe kubwa hivyo; namba ikishuka ndiyo nafuu. Hakunificha kitu. Kati ya theluthi moja na theluthi mbili ya watu wanaopata uziwi wa ghafla kama huu hupata nafuu hata bila dawa, lakini usikivu ukiwa umeshuka mno, tena na kizunguzungu, matumaini hupungua. Na dawa hufaa zaidi ndani ya wiki mbili za mwanzo, mapema zaidi ndiyo bora. Wiki zangu mbili zilikuwa ukingoni.

Nilimeza prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, vidonge 12 vya miligramu 5 kila asubuhi, kisha vikapunguzwa kidogo kidogo. Usingizi ukanihama. Ikafuata sindano ya deksamethasoni, steroidi nyingine, kupitia ngoma ya sikio, mara kadhaa, na kila mara nilale ubavu karibu nusu saa bila kumeza mate. Machozi yalinitoka nikihesabu mapangaboi. Picha ya kichwa ilionyesha hakuna uvimbe kwenye mshipa, alhamdulillahi.

Sasa nimefika desibeli 55. Adhana naisikia, ila maneno ya mtu upande huo huja yamepondeka. Bodaboda ikipiga honi sijui inatokea wapi. Nasimama katikati ya barabara mpaka mtu anivute mkono.

Nisiwaonee. Yule bingwa mwenyewe alikiri kwamba uthibitisho wa dawa hizi si wa kuapia, na huenda ningeishia hapahapa hata kama mngenipa rufaa siku ile ile. Kwa hiyo siwezi kusema ninyi ndio mlioniziwisha. Nilikuwa nimeandika nyota mbili.

Lakini nikikumbuka lile beseni, na maji yale meupe ambayo yeyote mwenye macho aliyaona, na "kwani wewe ni daktari"... hapana. Wiki ile ilikuwa yangu ya kujaribu, mkaichukua, na pole sikupewa. Nyota moja, nayo ni ya nesi, mpelekeeni. Na kile kichuma kinaenea mfuko wa koti. Kinunueni kabla hajaja mwingine kuwaambia ameamka sikio moja limezima.