Maboksi matatu, hotirodi moja: maoni yangu juu ya Ford ya 1929 ya Revell

Jumapili usiku nimebandika kipande cha mwisho cha modeli yangu, taa ya nyuma ya kushoto, na sasa hivi naandika huku gari liko mezani mbele yangu. Ni hotirodi, yaani gari la zamani lililopunguzwa uzito na kuwekewa injini yenye nguvu: Ford Model A ya 1929 ile ya wazi isiyo na paa, imekaa juu ya chasisi ya Ford ya 1932, injini ni V8 ya Ford ya 1948, na matairi ya nyuma yametoka kwenye boksi jingine kabisa. Lote linaenea kwenye kiganja maana ni modeli ya plastiki ya kipimo cha 1/25, yaani gari la kweli ukiligawanya mara 25. Imenichukua miezi mitano ya usiku usiku nikitoka kazini, hapa Houston, na sijutii hata usiku mmoja.

Kwa mwenye haraka nianze na jibu: boksi la vipande vya kuunga la kampuni ya Revell, la 1929 Ford Model A Roadster, linunue. Kama unataka kuunga gari moja tu bila kuchanganya linakutosha, na kama unataka kuchanganya kama mimi ndio usifikirie mara mbili, maana mimi siku hizi boksi la modeli nalipima kwa vipande linavyokubakishia. Mengine unamaliza gari unabaki na fremu tupu za plastiki za kutupa. Hili ni lile la aina mbili ndani ya boksi moja, kwa hiyo ukishachagua unalotaka unabaki na vitu vya maana vya kuanzia gari la pili.

Sasa kwa nini nichanganye wakati kila kitu kipo ndani? Kwa sababu hotirodi yenyewe ndivyo ilivyozaliwa bana. Vijana wa kusini mwa California miaka ya 30 na 40 walikuwa wanachukua Ford za zamani za bei chee, wanang'oa madigadi, wanapunguza uzito, wanaweka injini yenye nguvu iliyotoka gari jingine halafu wanaenda kushindana mwendo kwenye sakafu za maziwa ya maji yaliyokauka kama Muroc na El Mirage. Chama chao cha mashindano, SCTA (Southern California Timing Association), kilianza 1937. Bodi ya Model A ilikuwa nyepesi na ilipatikana kirahisi, chasisi ya 1932 ilikuwa imara na ina mstari mzuri ubavuni unaopendeza ukiachwa wazi, basi mtu anatoa hiki hapa na kile pale anapandisha bodi moja juu ya chasisi nyingine. Mimi nimekulia Dar, kaka yangu ni fundi magari mtaa wa Gerezani mpaka leo, gari lenye injini ya gari jingine kwetu ni jambo la kila siku, ndio maana siku ya kwanza kuona hotirodi kwenye maonyesho ya magari huku nilihisi hawa watu nawajua.

Twende kwenye vipimo maana hapa ndipo wengi wanaharibu. Model A ya kweli toka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni inchi 103.5, ya 1932 ni inchi 106. Tofauti ya inchi mbili na nusu kwenye gari kubwa, ukiileta kwenye 1/25 ni milimita 2.5 hivi. Utasema milimita mbili na nusu ni nini, aisee kwenye modeli ndio tairi kukaa vizuri au kuonekana kama limesogezwa na ajali. Hili boksi la Revell chasisi yake imeshatengenezwa kwa mtindo wa 1932 na bodi ya 29 imekubali juu yake, sikukata kitu. Ukitoa chasisi kwenye boksi la Ford ya 32 ukaitia chini ya bodi ya Model A ya boksi jingine hiyo kazi ya kukata na kuunga unaifanya mwenyewe, inawezekana ila andaa msasa na moyo.

Halafu kuna hii habari ya 1/24 na 1/25. Dukani yamepangwa rafu moja na mtu anaona namba moja tu imezidi. Chukua hiyo 1932 uone: kwa 1/25 ekseli kwa ekseli ni kama milimita 107.7, kwa 1/24 ni 112.2, karibu nusu sentimita. Kwa hiyo bodi na chasisi usichanganye vipimo kabisa. Shoo ya mbele (grili) usichanganye, mimi nilikuwa na shoo nzuri sana ya 1/24 nikasema itakubali, nikaipunguza kwa tupa usiku mzima na bado ilikuwa imeizidi boneti kwa juu, ikabidi nirudi kwenye ile ya boksi. Lakini matairi changanya kwa raha zako! Hotirodi ya kizamani inatakiwa tairi za nyuma kubwa na za mbele ndogo, na matairi ya kweli nayo yako ya saizi mbalimbali, kwa hiyo tairi la 1/24 kwa nyuma linaonekana tu kama mwenye gari alinunua saizi kubwa. Yangu ya nyuma ndiyo hayo, mtu hawezi kujua mpaka nimwambie.

Injini sasa. Ndani ya boksi la 29 kuna V8 ya Buick, ile ilitoka 1953, jina lake la utani Nailhead yaani kichwa cha msumari kwa sababu ya valvu zake ndogo. Imechongwa vizuri, sina neno juu yake. Ila mimi nilitaka gari linaloonekana la 1949 au 1950, na Buick ya 1953 isingekuwa imezaliwa, kwa hiyo nikanunua boksi la Revell la Ford ya 1948 kwa ajili ya injini tu. Ford V8 ya valvu za pembeni, ile ambayo vichwa vyake viko bapa juu, ilianza 1932 ikiwa na nguvu farasi 65 na kufika 1948 ilishakuwa inchi za ujazo 239 na farasi 100. Hii ndiyo injini iliyoijenga hotirodi. Kwenye boksi la 48 imekuja ina kila ninachokitaka, nimeipaka rangi kwa brashi namba 0 na kijiti cha meno, nyaya za plagi nimetumia uzi mwembamba wa waya niliouchomoa kwenye chaja mbovu.

Nikampigia kaka video nimwonyeshe. Akaangalia kimya halafu akaniuliza, "Mdogo wangu, hiyo si ni V8? Silinda nne kila upande. Mbona naona bomba tatu tatu za ekzosi, moja umeipoteza?" Nikafurahi kweli maana jicho la fundi halikosei, ila hapa bomba ni tatu kweli. Nikamwambia kaka, kwenye hii injini silinda mbili za katikati zinatolea moshi tundu moja, na moshi wenyewe unapita ndani ya bloku kabla haujatoka nje. Akasema, "Basi hiyo lazima ilikuwa inachemsha." Na ndivyo, ilikuwa inachemsha kwelikweli, hilo ndilo lililokuwa tatizo lake kubwa. Kwa hiyo mkuu ukitaka kuchanganya, usichukue ekzosi ya Chevrolet yenye bomba nne ukaibandika kwenye Ford ya zamani kisa inapendeza, anayejua ataona akiwa mlangoni.

Kuiingiza kwenye chasisi haikuwa kazi rahisi. Vishikio vya boksi la 29 ni vya Buick, Ford inashikiliwa kwa mbele kwenye pampu za maji (ziko mbili, moja kila upande), kwa hiyo nikakata vile vishikio, nikatengeneza vipya kwa vipande vya plastiki bapa vya kampuni ya Evergreen, na rejeta nikaisogeza kidogo ili feni isiguse. Siku nne zimeishia hapo. Na katika siku hizo nne gundi sikugusa kabisa! Nilikuwa nashikilia kila kitu kwa masking tepu na vile vidonge vya gundi laini ya kubandikia picha ukutani, naweka bodi, natoa, naweka magurudumu, naangalia kwa pembeni, natoa tena. Ningebandika injini kwanza ndio nijaribu bodi ningekuta kabureta zinagonga boneti na ingebidi nivunje.

Kwenye gundi natoa maksi zote kwa Tamiya Extra Thin, kile kichupa chenye kifuniko cha kijani. Haifanyi kazi kama gundi za kawaida, unashikanisha vipande vikiwa vikavu halafu unagusisha brashi kwenye mshono, inakimbia yenyewe ndani na inayeyusha plastiki pande zote mbili zinakuwa kitu kimoja. Kwa hiyo haishiki kwenye rangi wala kwenye kromu, lazima ukwangue mpaka uone plastiki. Na kama umenunua vipande vya rezini, vile vinavyotengenezwa na mafundi wadogo, hapo haifai kabisa, tumia supa glu. Ukipiga msasa rezini vaa barakoa na uilowanishe maji, lile vumbi sio la kuvuta.

Kromu ya kwenye maboksi mimi huwa naitoa. Inang'aa kama toi na ina mikato pale ilipokuwa imeshikwa na fremu. Nachukua bleach ya kufulia, ile kwetu tungesema Jik, naloweka kwenye kopo lenye mfuniko na kromu yote inaisha yenyewe (usichanganye na dawa nyingine yoyote ya usafi tafadhali, na fungua dirisha). Halafu nikarudishia kwa kalamu ya Molotow ya kromu. Aisee ile kalamu! Taa za mbele zimekuwa kama kioo, mpaka sura yangu naiona. Ila rangi za kromu za namna hii hazipendi kushikwashikwa, na ukizipulizia kliya (rangi angavu ya kung'arisha) juu zinafifia, kwa hiyo hivyo vipande viachie mwishoni kabisa na uvishike kwa kibano.

Rangi ya bodi ni nyeusi ya Tamiya ya spreyi, TS-14, juu yake kliya ya TS-13, rimu nyekundu. Chini nimeweka praima ya Tamiya. Nyeusi inatoa siri zote za msasa wako, kila kikwaruzo kinaonekana, mimi nimepiga msasa wa 2000, ule laini sana, na maji kati ya mkono mmoja wa rangi na mwingine. Hizi za TS ni rangi za aina ya laka, kali, ukizipuliza juu ya rangi za enameli uso unakunjamana kama maziwa yaliyogandia juu. Enameli juu ya laka iliyokauka haina shida.

Jambo moja lililoniudhi, na sio la boksi la 29. Lile boksi la tatu, nililotolea matairi, nilinunua mtandaoni kwa mtu aliyeandika kwamba limekamilika. Limefika bodi imepinda kabisa, inaonekana lilikaa sehemu ya joto, na matairi yalikuwa yamegusana na rimu miaka na miaka mpaka yakaziyeyusha. Hiyo ni tabia ya matairi ya vinaili laini, mafuta yake yanatoka taratibu yanayeyusha plastiki inayogusana nayo. Matairi yenyewe yalipona, rimu nimetupa. Ukinunua boksi la zamani omba picha ya matairi yako wapi, yawe kwenye kimfuko chake. Na ukimaliza gari lako paka rimu rangi vizuri kabla ya kuvisha tairi.

Gharama: maboksi mawili ya Revell niliyapata duka la Hobby Lobby, kila moja kama dola 30, la tatu dola 20, rangi na gundi na kalamu vikafika karibu dola 60. Sio hela ndogo kwa kitu cha kukaa kwenye rafu, najua. Lakini nikihesabu vilivyobaki: Buick nzima haijaguswa, bodi nzima ya Ford ya 48 na chasisi yake, viti, usukani, shoo mbili. Binti yangu wa miaka tisa ameshachukua ile bodi ya 48, anasema anataka iwe ya zambarau na iwe na Buick ndani. Nimemwambia mwanangu tupime kwanza, na jana ametoa rula yake ya shule akaanza kupima nafasi ya injini, na mimi nimemkatia masking tepu.