Uzoefu wangu: boneti, fenda na mlango wa 280Z kwenye Datsun 240Z ya 1972

Nimefunga boneti, fenda mbili za mbele na mlango wa kushoto wa Datsun 280Z ya 1976 kwenye 240Z yangu ya 1972, gari la michezo la Datsun ambalo wenye nalo tunaliita Z tu. Vipande vyote nimeviagiza kutoka yadi moja ya magari makuukuu huko Arizona, Marekani, nchi ya jangwa ambako bati la miaka hiyo bado unalikuta zima. Hapa Mombasa chumvi ya bahari ilikuwa imeshazila fenda zangu pale chini, nyuma ya gurudumu, mahali ambapo tope hujikusanya kwenye kila Z. Fundi wangu wa bodi alishakataa kuendelea kupaka puti juu ya kutu, na alikuwa na haki.

Kila nikikutana na mwenye Z huniuliza kama vya 280 vinaingia kwenye 240. Vinaingia. 240Z, 260Z na hiyo 280Z iliyouzwa Amerika Kaskazini kuanzia 1975 hadi 1978 zote ni bodi moja, S30. Lakini kuingia ni jambo moja na kukaa sawasawa ni jingine, na kazi yote ya fundi iko hapo katikati.

Fenda ndizo zilizonifurahisha zaidi. Bolti zote zilikubali, na mstari unaotoka kwenye taa kubwa hadi mlangoni ulilingana bila kupigwa nyundo. Tatizo ni kwamba sheria ya Marekani ilidai magari yawe na taa za ubavuni, kwa hiyo kila fenda ilikuja na tundu la mstatili ambalo gari langu halina kazi nalo. Fundi alikata kipande cha bati cha unene uleule, akakishika kwa sumaku, akachomelea nukta moja upande huu na nukta moja upande ule, huku akipoza kwa kitambaa kibichi ili bati lisijikunje. Ukipitisha kiganja sasa husikii kitu. Msikubali mtu awazibie tundu hilo kwa puti peke yake, kwani hapo ndipo kutu itakapoanza tena.

Boneti nilichagua ya 1976 kwa makusudi. Ya 1977 na 1978 ina matundu mawili ya kutolea joto juu yake, na ingawa kuna wanaoyapenda, kwenye 240 yanaonekana mageni. Boneti ya Z ina bawaba mbele, kwa hiyo nafasi kati yake na fenda huwekwa kwa kulegeza bawaba na kusogeza kidogo kidogo. Fungeni fenda kwanza bila kuzikaza, kisha boneti, kisha milango, ndipo mkaze. Fundi akikaza fenda kabla ya boneti kukaa, atafungua zote upya.

Mlango umeingia vizuri ila ni mzito kuliko wa zamani. Ndani yake kuna mhimili wa chuma wa kuzuia kugongwa ubavuni, ambao mlango wangu wa 1972 haukuwa nao. Mimi nimeufurahia mhimili huo kwa jinsi matatu yanavyoendeshwa hapa mjini, lakini bawaba zangu zilizochoka zilianza kulegea, ikabidi nifunge zile za 280 zilizokuja na mlango. Agizeni mlango pamoja na bawaba, kitasa na kile chuma cha kwenye nguzo ambacho kitasa hukishika, kwa sababu vikichanganywa mlango haufungi kwa upole. Jambo jingine ni kwamba mlango wa kushoto wa Marekani ndio wa dereva, hivyo ulikuja na matundu ya kioo cha pembeni. Nimefunga kioo hapohapo.

Sasa lalamiko langu. Niliagiza pia mlango wa nyuma, ule unaobeba kioo kikubwa. Muuzaji aliandika kwamba unaingia Z zote za 1974 hadi 1978, nami nikawaeleza wazi kwamba gari langu ni la viti viwili. Uliofika ulikuwa wa 2+2, Z ya viti vinne iliyoanza 1974. Gari hilo lina sentimita 30 zaidi kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na paa, milango na kioo cha nyuma ni vyake peke yake. Tuliuweka juu ya uwazi, na kona hazikukutana kabisa. Boneti na fenda za 2+2 zingefaa, lakini kuanzia mlangoni kwenda nyuma hakuna kinachofaa. Walinirudishia bei ya kipande, ila gharama ya meli ilinilalia mimi, na hiyo ndiyo kubwa. Kwa muuzaji wa Z, mwaka pekee hautoshi. Mwambieni idadi ya viti na mdai picha kabla hajafunga sanduku.

Bampa sikuzigusa. Za 280 ni nene na zina vizuizi vya mshtuko kwa ajili ya kanuni za Marekani, na indiketa za mbele zilihamishwa zikawekwa juu ya bampa. Gari langu ni la usukani wa kulia, la aina ile ile Edgar Herrmann aliyoshindia Safari Rally mwaka 1971 na Shekhar Mehta mwaka 1973, alipolingana pointi na Harry Källström. Sura ya 240 ni ile bampa nyembamba ya kromu, nami nataka ibaki.

Kwa ubora wa bati naipa yadi ile alama zote. Kwa ufungaji pia: kila fenda ilizungushiwa povu na kona zikawekwa mbao, hakuna hata moja iliyofika Kilindini imebonyea. Kwa umakini wa oda, nawapunguzia.

Bado natafuta taa za nyuma. Kwenye 260Z na 280Z taa nyeupe ya kurudi nyuma ilitolewa ndani ya taa kuu ikawekwa peke yake, kwa hiyo nataka za 240Z tu, plastiki ambayo haijapasuka. Mwenye seti, awe Nairobi au Dar, nitalipa vizuri.